Ukisema "Oke", Umekubali?

Wewe uliye jikoni na redio yako juu ya kabati, wewe uliyekwama kwenye foleni, na wewe fundi uliyeinamia cherehani huku sisi tukikusindikiza kwa maneno, nyote nawasalimu.

Leo nimekuja na neno moja tu. Ni fupi, herufi zake mbili, na sina shaka kwamba tangu umeamka leo umelitamka au umetamkiwa. Mtoto amelisema ulipomtuma dukani. Kondakta amelisema ulipomwambia utashuka kituo kinachofuata. Mkubwa wako wa kazi amelisema kwenye simu, kisha akakata. Neno lenyewe ni OK. Waswahili tumeshalilainisha likakaa vizuri mdomoni: "oke", na wengine "okei". Ni neno la Kiingereza, tena Kiingereza cha Marekani, na leo sijui ni lugha gani hapa duniani ambayo haijalikaribisha sebuleni.

Basi swali langu ni hili, na nitalirudia mara kadhaa kwa sababu ndilo lililonileta hapa: mtu akikuambia "oke", amekuambia nini hasa? Amekubali? Amekusikia tu? Au amechoka na maneno yako?

Hebu nisikilizeni nikilitamka. "Oke!" Fupi, la juu, limekatika: haya twende, tuanze kazi. "Oke?" Sauti imepanda mwishoni: umenielewa? "Okeee..." Limevutwa kama mpira: mh, hapo bado hujanishawishi. "Oke, oke, oke," matatu kwa mpigo: nimekusikia, nyamaza sasa. Halafu kuna lile "oke" kavu, la chini, ambalo mume akilisikia kwa mkewe mbele ya wageni anajua wageni wakiondoka kuna kikao.

Hayo ni matano, na bado hatujatoka kwenye neno lilelile. Mwalimu anaingia darasani, watoto wanapiga kelele, anasema "Oke!" Hajibu swali la mtu yeyote. Anafunga kelele na kufungua somo. Bodaboda ameteleza kwenye matope, watu wanamkimbilia: "Kaka, uko oke?" Hapo oke ni uzima wa mwili. Umetoka kula kwenye hoteli mpya, rafiki anakuuliza chakula kilikuwaje, unajibu, "Kilikuwa oke." Mpishi akisikia hivyo asifurahi, maana yake kinalika, basi. Na maofisini je? "Barua iko tayari, tunasubiri oke ya mkurugenzi." Hapo oke imekuwa kitu, imekuwa muhuri.

Kwa hiyo unaweza kuwa oke na bado usiwe mzuri, na unaweza kusema oke na bado usiwe umekubali. Neno la namna gani hili?

Twende lilikozaliwa. Na niwatahadharishe mapema: kama mnategemea asili yenye heshima, mzee fulani mwenye hekima chini ya mti, hamtaipata. Neno hili lilizaliwa kwa utani wa gazetini.

Mji ni Boston, Marekani. Tarehe ni 23 Machi 1839. Gazeti linaitwa Boston Morning Post, na mhariri wake ni Charles Gordon Greene. Siku hizo waandishi wa magazeti ya mji ule walikuwa na mchezo wao. Walipenda kufupisha maneno kwa herufi za mwanzo, kama vijana wetu wanavyofanya leo kwenye simu. Kisha wakaona huo utani hautoshi, wakauongezea chumvi: kwanza wanaliandika neno kwa makosa ya makusudi, halafu wanayafupisha yale makosa. Waingereza wana maneno "all right". Wao wakayaandika "oll wright", wakayafupisha kuwa O.W. Kuna maneno "all correct", yaani yote sahihi. Wakayaandika "oll korrect", kwa O mwanzoni na kwa K, na ufupisho wake ukawa O.K.

Mmekiona kichekesho? Neno linalotangaza kwamba yote ni sahihi, na lenyewe herufi zake zote mbili ni makosa. Habari iliyolibeba siku ile ilikuwa ya kuwachokoza wenzao wa gazeti la mji wa Providence, kuhusu kikundi kilichojiita chama cha kupinga upigaji kengele, nacho kilikuwa na utani mwingi kuliko kengele. Kwa kifupi, ni utani ndani ya utani, kwenye ukurasa wa pili.

Vifupisho vingi vya mchezo ule vilikufa. O.W. nani anaikumbuka? Kilichoiokoa OK ni siasa. Mwaka uliofuata, 1840, Rais Martin Van Buren alikuwa anagombea muhula wa pili. Mzee huyu alitoka mji mdogo wa Kinderhook, jimbo la New York, na wafuasi wake wakawa wanamwita Old Kinderhook, kama sisi tungesema Mzee wa Kinderhook. Herufi za mwanzo: O na K. Wakaanzisha klabu, wakaiita O.K. Club, wakawa wanatembea na herufi zao wakijigamba kwamba mgombea wao ndiye sawasawa. Wapinzani nao hawakulala. Wakaeneza kwamba Andrew Jackson, rais aliyemtangulia Van Buren, hakujua kuandika, na kwamba alikuwa akitia OK kwenye nyaraka za serikali akidhani ndivyo "all correct" inavyoandikwa. Ulikuwa uzushi wa kampeni, lakini mnajua uzushi wa kampeni unavyokimbia. Uchaguzi ulipokwisha, William Henry Harrison alikuwa ameshinda. Van Buren akarudi kwao Kinderhook, zile herufi zikabaki mjini.

Kisha zikapata ajira, na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo ninapoona neno hili lilipopata tabia yake. Mwaka 1844 Samuel Morse alituma ujumbe kwa waya kutoka Washington hadi Baltimore, na katika miaka iliyofuata nguzo za simu za maandishi zikatapakaa Marekani nzima, sambamba na reli. Mtu aliyekaa kwenye kituo akipokea ujumbe wa nukta na vistari alihitaji ishara fupi ya kumjulisha mwenzake wa upande wa pili kwamba ujumbe umefika. Wakaitumia OK.

Sasa fikirini. Yule mpokea simu aliyejibu OK, je, alikuwa anasema amekubaliana na ujumbe? Ujumbe wenyewe ungeweza kuwa wa msiba. Ungeweza kuwa wa bei ya pamba, au wa treni kuchelewa. Yeye hakuwa na maoni. OK yake ilisema kitu kimoja: imefika. Nimeipata. Kukipata kitu na kukikubali ni mambo mawili, na OK tangu siku hizo imekuwa ikiishi katikati yake.

Najua kuna msikilizaji hapo anataka kunikatiza. Anasema, mbona mimi niliambiwa neno hili ni la Wahindi Wekundu? Hauko peke yako. Rais Woodrow Wilson mwenyewe aliamini linatoka kwa watu wa Choctaw, wenyeji wa Marekani, na alikuwa akiidhinisha nyaraka kwa kuandika "okeh", kwa E na H, akiona hiyo ndiyo tahajia ya asili. Wagiriki nao wana "ola kala", yaani yote mazuri, nao wanadai. Waskoti wanadai. Na wako wanaolileta kwetu Afrika: mtaalamu wa lugha David Dalby alipendekeza kwamba huenda lilivuka bahari na watumwa kutoka Afrika Magharibi, kwa sababu katika Kiwolof, lugha ya Senegal, kuna "waw kay", itikio la kukubali.

Mimi moyo wangu unavutwa huko Senegal. Nani asingependa? Lakini maneno mawili kufanana sauti si ushahidi wa undugu. Unahitaji njia iliyoachwa na neno, maandishi kwa maandishi, mwaka kwa mwaka. Kazi hiyo aliifanya profesa Allen Walker Read wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliyechimbua magazeti ya zamani na kuchapisha alichokipata mwaka 1963 na 1964. Njia yake inaishia kwenye ule utani wa Boston. Yeyote anayetaka kuihamisha OK kutoka Boston inabidi aje na karatasi ya zamani zaidi, si na hadithi tamu zaidi.

Basi turudi kwenye swali letu. Mtu akikuambia "oke", amekuambia nini? Nitawasimulia kisa kimoja cha kweli, nacho si cha kuchekesha.

Ilikuwa Jumapili, 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, moja ya Visiwa vya Kanari vya Hispania, huko Atlantiki upande wa Moroko. Bomu lilikuwa limelipuka katika uwanja wa ndege wa kisiwa jirani cha Gran Canaria, kwa hiyo ndege zilizokuwa zinakwenda huko zikaelekezwa Los Rodeos, uwanja mdogo wa Tenerife wenye njia moja tu ya kurukia. Uwanja ukajaa. Ndege zimeegeshwa mpaka kwenye njia ya pembeni, zinazotaka kuondoka inabidi zitembee juu ya njia ileile ya kurukia mpaka mwisho, zigeuke, ndipo ziruke. Na juu ya hayo ukashuka ukungu. Waongoza ndege mnarani hawaoni chini, marubani hawaonani, na uwanja hauna rada ya kuonyesha nani yuko wapi ardhini.

Kulikuwa na ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747. Moja ya KLM ya Uholanzi, imeshafika mwisho wa njia na kugeuka, inatazama mbele. Nyingine ya Pan Am ya Marekani, bado iko juu ya njia ileile, inakuja, inatafuta pa kutokea. Kati yao ukungu.

Mnara ukaipa KLM maelekezo ya njia watakayopita angani baada ya kuruka. Maelekezo ya njia, si ruhusa ya kuruka. Rubani msaidizi akayarudia, kisha akaongeza maneno ambayo yangeweza kueleweka kwamba tuko tayari kuruka, na yangeweza kueleweka kwamba ndiyo tunaruka sasa. Mwongoza ndege akaelewa la kwanza. Akajibu kwa neno moja: "OK." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza kwamba wasubiri, atawaita.

Sekunde hiyohiyo Pan Am nao wakaingia hewani kusema kwamba bado wako juu ya njia. Wanaotumia simu za upepo wanajua kinachotokea watu wawili wakizungumza pamoja kwenye masafa mamoja: sauti zinagongana, unasikia mlio. Kwa hiyo ndani ya chumba cha marubani wa KLM, katika maneno yote yale ya mnara, lililofika safi lilikuwa lile la mwanzo. OK. Mengine yakafunikwa na mlio. Na ndege ilikuwa tayari imeanza kukimbia.

Watu 583 walikufa. Mpaka leo hakuna ajali ya ndege iliyoua watu wengi kuliko ile.

Nisieleweke vibaya. Ndege zile hazikugongana kwa sababu ya herufi mbili tu. Rubani mkuu wa KLM alianza kuondoka bila kuruhusiwa. Kulikuwa na haraka, kwa sababu muda wa kazi wa wafanyakazi wa ndege ulikuwa unakaribia kikomo cha sheria. Kulikuwa na ukungu, bomu, na uwanja uliojaa. Lakini sikilizeni jinsi neno lilivyofanya kazi yake. Mwongoza ndege aliposema OK alimaanisha ile ya mpokea simu wa zamani: nimekusikia. Upande wa pili walikuwa wanangoja ruhusa, na sikio linalongoja ruhusa likisikia OK linasikia ruhusa.

Baada ya Tenerife, taratibu za mazungumzo ya ndege zilikazwa dunia nzima. Neno la kuruka likawekewa uzio: halitamkwi hewani ila wakati ruhusa ya kuruka inatolewa yenyewe, au inafutwa. Na rubani akipewa agizo zito, la kuruka, la kutua, la kuvuka njia ya ndege, haruhusiwi kujibu kwa kuitikia tu. Lazima alirudie agizo lenyewe kwa maneno, na mwongoza ndege alisikilize akikosea amsahihishe. Unaporuka kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, au kutoka Nairobi kwenda Kisumu, huko mbele kuna mtu anarudia maneno ya mwenzake kama mwanafunzi wa madrasa. Usimcheke.

Nawauliza sasa: ni wangapi kati yetu tunafanya hivyo hapa ardhini?

Chukua zahanati. Mama amekuja na homa, amepimwa, ana malaria. Anapewa dawa mseto. Muuguzi anaeleza: meza vinne sasa hivi, zikipita saa nane meza vinne, halafu kesho vinne asubuhi na vinne jioni, na keshokutwa vivyo hivyo, mpaka viishe vyote 24. Umeelewa mama? "Oke," anasema mama. Foleni ni ndefu, kichwa kinamgonga, mtoto mgongoni analia. Ile oke yake ni ya nini? Ni ya kumshukuru muuguzi. Ni ya kutaka aondoke akalale. Siku ya pili homa imeshuka, vidonge vilivyobaki vinawekwa kwenye droo, vinamsubiri mgonjwa mwingine wa nyumba hiyo.

Wako wauguzi na wafamasia wanaofanya kama marubani, nami nawavulia kofia. Hawaulizi "umeelewa?" Wanasema: "Hebu nieleze na mimi, ukifika nyumbani utazimeza vipi?" Ni nusu dakika tu. Hapo mama akisema vinne leo, vinne kesho, muuguzi anajua kazi bado haijaisha.

Au fundi nguo. Samahani fundi wangu uliye kwenye cherehani, nakupenda, lakini hili lazima tuliongee. Mteja ameleta kitenge, sherehe ni Jumamosi. "Fundi, Ijumaa jioni nakuja kuchukua." "Oke, dada." Dada ameondoka akijua amepewa ahadi. Fundi amebaki akijua amepewa taarifa: kwamba Ijumaa jioni kuna dada atakuja. Na kweli Ijumaa jioni dada amekuja, na kitambaa bado ni kitambaa. Ukiwasikiliza wakigombana utagundua hakuna aliyedanganya. Mwenye nyumba naye yumo humohumo. "Baba, bomba la maji limepasuka." "Oke, nimesikia." Amesikia kweli. Amesema amesikia.

Kuna msikilizaji atauliza, Kiswahili kilikuwa na upungufu gani mpaka tukaazima? Hatukuwa na upungufu. Tuna "haya", na nadhani haya ndilo ndugu wa karibu kabisa wa OK, kwa sababu nalo linaongozwa na sauti. "Haya!" twende. "Haya, tuseme ndivyo," nakuachia kwa sasa. "Haya bwana," kwa kushusha pumzi: umeshinda, lakini sijaridhika. Tuna "sawa", ambalo lina uzito zaidi, maana limebeba ndani yake usawa, mambo kulingana. Vijana wana "poa". Pwani kuna "inshallah", ambalo ni imani kwa mwenye imani, na kwa wajanja wachache limekuwa njia ya heshima ya kutotoa ahadi.

Kitu ambacho OK haina, na maneno yetu yanacho, ni adabu. Katika nyumba nyingi za Waswahili, mtoto akiitwa na bibi yake hajibu hovyo. Kuna naam, kuna labeka, kuna abee. Akitumwa anasema "haya bibi" au "ndiyo bibi". Neno la kupokea linakuja pamoja na cheo cha anayepokelewa. Sasa mjukuu wa leo, masikioni ana vipokea sauti, anaitwa, anatumwa, anajibu "Oke." Bibi ananuna. Mjukuu anashangaa: nimekataa kwani? Hujakataa, mjukuu wangu. Umempokea bibi kama kituo cha simu kinavyopokea ujumbe wa bei ya pamba.

Lakini kuna mahali pamoja ambapo OK imebadilika tabia, na hapo naomba tutulie kidogo, maana ndipo wengi tunapoumia. Ni kwenye kioo cha simu na kompyuta.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya Apple ilikuwa inatengeneza kompyuta iliyoitwa Lisa, iliyoingia sokoni mwaka 1983. Kompyuta ikitaka uthibitisho, ilikuonyesha kitufe kimeandikwa "Do It", yaani fanya. Wakaita watu wa kawaida waje kuijaribu. Wakaona baadhi yao wakifika kwenye kitufe kile wanasita. Mmoja akaonekana kukasirika kabisa. Kumuuliza, kumbe yale maneno mawili yalikuwa yamekaribiana mno, yeye akayasoma kama neno moja, "dolt", ambalo ni mpumbavu. Alitaka kujua kwa nini mashine inamtukana. Waundaji wakacheka, wakabadilisha maandishi, wakaweka OK. Na OK ikabaki, ikahamia kompyuta nyingine, ikaingia kwenye simu, leo iko mfukoni mwako.

Tofauti ni hii. Kwa mdomo, oke ina sauti. Unaweza kuivuta, kuikausha, kuitilia shaka, na kesho ukasema, mimi nilisema nimesikia tu, sikusema nimekubali. Kwenye kioo hakuna sauti. Hakuna "okeee..." ya mashaka. Umebonyeza, umekubali, na imeandikwa saa na dakika. Umepakua programu ya mikopo ya haraka kwa sababu ada ya shule inadaiwa. Imekuuliza: turuhusu tuone majina yaliyo kwenye simu yako? Wewe una haraka, kidole kimezoea, OK. Siku ukichelewa kulipa, shemeji yako anapigiwa, mchungaji anapigiwa, mwajiri anapigiwa, wote wanaelezwa deni lako. Unauliza, nani aliwapa namba hizi? Wewe. Kwa oke uliyodhani ni ileile ya mdomoni, ya kusema nimekuona, pita.

Kwa hiyo majibu ya swali langu ni mawili, kwa kutegemea aliyeko mbele yako. Akiwa mtu, oke yako huenda ni risiti tu. Ikiwa mashine, oke yako ni sahihi.

Muda umekwenda, lakini sitaki niondoke bila kugusa oke ya vidole: kidole gumba na cha shahada vimekutana kwa duara, vitatu vilivyobaki vimesimama. Wapiga mbizi wanaowapeleka wageni kuangalia matumbawe Unguja na Mafia wanaitumia kila siku, kwa sababu chini ya maji gumba lililosimama si sifa, lina maana ya tupande juu. Lakini usilibebe duara hilo kila mahali. Brazil ni tusi zito. Japani inaweza kuwa pesa. Ufaransa, kwa wengi, ni sifuri, yaani hamna kitu.

Na sasa hivi, nyuma ya kioo cha studio, fundi mitambo wetu amenikazia macho na ameniinulia duara hilohilo. Sijui ananiambia kipindi kimekwenda vizuri, au kwamba dakika zangu zilizobaki ni sifuri. Kwa namna anavyoutikisa mkono, nadhani ni oke ya Kifaransa.